UZI: Wakati uliopita, viunganishi na kauli ya kutendwa katika Kiingereza, kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, ninafundisha Kiingereza hapa Dodoma, mchana kwa wanafunzi wa sekondari na jioni kwa watu wazima, wengi wao wakiwa watumishi waliohamia na ofisi zao kutoka Dar es Salaam. Umri na elimu yao vinatofautiana sana, lakini makosa yao yanafanana kiasi kwamba ukiyafunika majina kwenye madaftari huwezi kujua lipi ni la mwanafunzi wa kidato cha pili na lipi ni la ofisa mwenye shahada. Makosa yanayofanana hivyo hayawezi kuwa uzembe wa mtu mmojammoja. Yana chanzo kimoja, na chanzo chenyewe ni Kiswahili kizuri kabisa kilichopelekwa mahali ambapo Kiingereza kina utaratibu mwingine. Kwa hiyo ninaamini kwamba anayejifunza nyakati zilizopita, viunganishi na kauli ya kutendwa atafika haraka zaidi akizilinganisha lugha hizi mbili kuliko akikariri kanuni za Kiingereza peke yake.

Nianze na kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote. Mwanafunzi anaandika: "Yesterday I went to Majengo, I buy tomatoes, I take a daladala and I return home." Mwalimu anapiga mstari mwekundu chini ya vitenzi vitatu na kuandika kwamba mwanafunzi hajui wakati uliopita. Lakini tazama: kitenzi cha kwanza amekiweka sawa. Anaujua wakati uliopita. Kilichomponza ni kwamba kichwani alikuwa na sentensi hii: "Jana nilikwenda Majengo, nikanunua nyanya, nikapanda daladala, nikarudi nyumbani." Katika Kiswahili, -li- ikishataja wakati mara moja, -ka- huendeleza masimulizi bila kuutaja tena, na msikilizaji haulizi kitu. Kiingereza hakina -ka-. Kila kitenzi katika mfuatano lazima kibebe wakati wake chenyewe: "Yesterday I went to Majengo, bought tomatoes, took a daladala and returned home." Wanafunzi wangu huambiwa waandike kwanza kisa kwa Kiswahili, wapigie mstari kila -ka-, kisha wahakikishe kwamba kila palipo na mstari, Kiingereza chao kina umbo la wakati uliopita. Zoezi hili ni jepesi, na linaondoa kosa hilo kwa kasi kuliko orodha yoyote ya vitenzi niliyowahi kuwapa.

Jambo la pili ni -me-, na hapa naomba tutulie kidogo kwa sababu mambo ni mengi. Tunafundishwa kwamba -me- ni sawa na "have" au "has" pamoja na umbo la tatu la kitenzi, lile la safu ya mwisho katika orodha ya go, went, gone. Mara nyingi ni kweli: "Amekwenda sokoni" ni "She has gone to the market." Lakini -me- ya Kiswahili hueleza pia hali ambayo mtu yumo wakati huu. Tunaposema mwalimu amesimama mlangoni, hatuelezi tendo la kusimama lililokwisha. Tunaeleza namna alivyo sasa. Kiingereza kwa hali hiyo husema "The teacher is standing at the door." Vivyo hivyo amevaa ni "is wearing", amelala ni "is asleep", amekaa ni "is sitting", nimechoka ni "I am tired". Ukilipeleka jambo hilo nyuma, ule mtego unakufuata huko huko: "Alikuwa amevaa sare" ni "She was wearing a uniform", wala si "She had worn a uniform". Anayelijua hili ataacha kuandika "had" kila anapoona alikuwa na -me- katika sentensi moja.

Tena -me- katika mazungumzo yetu hukubali kuandamana na siku. Watu husema "Nimefika jana" na hakuna anayeshangaa. "Have" ya Kiingereza haikubali. Ukitaja wakati uliokwisha, kama "yesterday", "last week" au mwaka uliopita, rudi kwenye wakati uliopita wa kawaida. Usiandike "Dodoma has become a city in 2018", andika "Dodoma became a city in 2018."

Sasa "had" yenyewe inatumika wapi? Inatumika pale ambapo tayari uko katika wakati uliopita na unataka kutaja jambo lililotangulia zaidi. Mfano ulio karibu nasi ni reli ya kati. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1914 ilifika Kigoma. Waingereza walikuja kuitawala nchi hii baada ya hapo. Kwa hiyo tunasema: "When the British took over, the railway had already reached Kigoma." Kiswahili kinasema ilikuwa imeshafika, na hapa ndipo "ilikuwa ime-" na "had" vinapokutana kweli. Lakini ukisimulia kwa mpangilio wa matukio yalivyofuatana, huna haja ya "had" hata kidogo. Wengi huipachika kila mahali wakidhani kwamba inaonyesha usomi, na insha inakuwa nzito bila sababu.

Katika kukanusha, kosa la "He did not went" linaweza kufutwa kwa mfano mmoja. Tunasema alisoma, lakini tukikanusha tunasema hakusoma. Alama ya -li- imeondoka na -ku- imechukua nafasi yake, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayeziweka zote mbili kwa ajili ya wakati. "Did" hufanya kazi ileile. Ikishaingia imeubeba wakati wote, na kitenzi kikuu hurudi katika umbo lake la kwanza: "He did not go."

Kwa mazoea ya zamani, Kiswahili husema nilikuwa nikienda au nilikuwa ninakwenda, na maneno hayo hayo yaweza kumaanisha tendo lililokuwa likiendelea saa fulani. Kiingereza huyatenganisha. "I used to walk to school" ni mazoea. "I was walking to school when the rain started" ni safari moja iliyokatizwa na mvua.

Kuhusu vitenzi visivyofuata kanuni sina mengi. Vipange kwa sauti, si kwa alfabeti: sing, sang, sung pamoja na ring, rang, rung na drink, drank, drunk, na vile visivyobadilika kabisa, yaani cut, put na hit, viweke peke yao. Sikio husaidia sana.

Kauli ya kutendwa na viunganishi nitavigusa kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

Mchangiaji, mwanafunzi wa kidato cha nne

Shikamoo Mwalimu. Nimeandika katika insha "My father was stolen his phone at the bus stand" nikakosa alama, na sikuelezwa kwa nini. Nilifuata kanuni ya kutendwa kama ilivyo kwenye daftari: "was" pamoja na umbo la tatu. Naomba kuelewa nilipokosea.

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu. Umbo la kitenzi ulilolitumia ni sahihi. Tatizo liko kwenye mtendwa, yaani kile kilichochaguliwa kuanza sentensi.

Kiswahili kina uwezo mkubwa ambao Kiingereza hakina. Kwa kuongeza viambishi kwenye kitenzi, tunaweza kumfanya yeyote aliyeguswa na tendo awe mwanzo wa sentensi, hata kama si yeye aliyetendwa moja kwa moja. Simu ndiyo iliyoibwa, lakini tunasema baba aliibiwa. Mvua ndiyo iliyonyesha, lakini tunasema tulinyeshewa. Mzazi ndiye aliyefariki, lakini tunasema mtoto alifiwa. Sentensi hizi zikipelekwa Kiingereza kama zilivyo zinakuwa "He was stolen", ambayo maana yake ni kwamba baba mwenyewe alibebwa na wezi, au "He was died", ambayo haina maana yoyote kwa sababu "die" haitendwi. Jiulize kwanza: tendo limekiangukia kitu gani hasa? Wezi waliiba nini? Simu. Basi simu ianze: "My father's phone was stolen at the bus stand." Ukitaka baba abaki mwanzoni, iko njia nyingine: "My father had his phone stolen." Alifiwa na baba yake ni "He lost his father", au kwa uwazi zaidi "His father died". Tulinyeshewa ni "We were caught in the rain."

Utaniuliza basi kwa nini "I was given a book" ni sahihi ilhali mimi siye niliyetolewa. Kipo kikundi cha vitenzi vya Kiingereza vinavyomruhusu mpokeaji kuanza sentensi: give, tell, show, teach, send, offer, pay na vingine vichache. Nilipewa, niliambiwa, nilionyeshwa, nilifundishwa, vyote vinakwenda sawa na Kiswahili. Hivyo vijifunze kama kikundi. Kitenzi kingine chochote ambacho katika Kiswahili kinaishia na -iwa au -ewa kwa maana ya kutendewa, kitilie shaka kabla hujakihamisha.

Sasa niliweke sawa umbo lenyewe, kwa kuwa wengi hulisahau. Kiswahili hukusanya kila kitu ndani ya neno moja: katika lilijengwa, tunaposema darasa lilijengwa, -li- ya pili inataja wakati na -w- inataja kutendwa. Kiingereza hutawanya kazi hizo. Wakati hubebwa na kitenzi kisaidizi, na kutendwa hubebwa na umbo la tatu, ambalo halibadiliki kamwe. Lilijengwa ni "was built", limejengwa ni "has been built", linajengwa ni "is being built", litajengwa ni "will be built", lilikuwa linajengwa ni "was being built", lilikuwa limejengwa ni "had been built". Angalia kwamba "built" haikutikisika hata mara moja. Anayeandika "The food cooked by mother" amesahau kibeba wakati. Anayeandika "The food was cook" amesahau kibeba kutendwa.

Tena uwe mwangalifu na neno letu na. Alipigwa na mwalimu kwa fimbo: na hapa inamtaja mtenda, kwa inataja chombo. Katika Kiingereza mtenda huandamana na "by" na chombo huandamana na "with". Ukiandika "was beaten with the teacher", umemgeuza mwalimu kuwa fimbo.

Mwisho, usichanganye vunjwa na vunjika. Kikombe kimevunjika ni "The cup is broken", hatuna habari na mtu. Kikombe kimevunjwa ni "The cup has been broken", na msomaji anaanza kumtafuta mhusika.

Mchangiaji, mwalimu kutoka Kondoa

Mwalimu mwenzangu, uchambuzi wako ni mzuri na nitautumia. Hata hivyo sikubaliani na hoja yako ya msingi. Wanafunzi wetu wamesoma shule za msingi za serikali kwa Kiswahili, na wanapofika sekondari masomo yote isipokuwa Kiswahili yanageuka kuwa ya Kiingereza. Kipindi cha Kiingereza ndicho mahali pekee ambapo baadhi yao wanaisikia lugha hiyo ikizungumzwa kwa utulivu na mtu anayeijali. Nikikijaza kipindi hicho kwa Kiswahili cha kulinganisha -ka- na -me-, nimewanyima dakika chache walizonazo. Isitoshe, huku kwetu watoto wengi lugha yao ya kwanza ni Kirangi, ambacho hutofautisha wakati uliopita wa karibu na wa mbali katika umbo la kitenzi. Mtoto huyo anakuja na mgawanyo wa tatu ambao haumo katika maelezo yako.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, habari ya Kirangi ni nyongeza muhimu, nami nakushukuru kwa dhati. Mtoto aliyezoea kutenganisha jana na zamani katika kitenzi anaweza kudhani kwamba "have gone" ni ya karibu na "went" ni ya mbali, na kwa kweli nimeona madaftari yanayoonyesha dhana hiyo. Ni vema aelezwe wazi kwamba Kiingereza hakipimi umbali: "I went" yaweza kuwa dakika tano zilizopita au miaka hamsini. Kinachopimwa ni kama wakati huo umefungwa na kutajwa, au bado unagusa sasa.

Kuhusu dakika za kipindi, ninaona uzito wa unachosema. Lakini kulinganisha hakuhitaji kipindi kizima. Maelezo ya -ka- huchukua muda mfupi sana, na baada ya hapo darasa lote linaweza kusimulia kwa Kiingereza huku kila mmoja akijua anachokilinda. Ninachokipinga ni utaratibu wa baadhi ya shule wa kumwadhibu mtoto kwa kutamka Kiswahili. Mtoto huyo ataendelea kufikiri kwa Kiswahili kimyakimya, makosa yatabaki yalivyo, na hatakuwa na njia ya kumuuliza mwalimu yanatoka wapi.

Mchangiaji, mwalimu kutoka Kondoa

Kwenye adhabu tuko pamoja. Kwenye dakika bado nitashika msimamo wangu, ila nitalijaribu zoezi lako la mistari na kidato cha kwanza.

Mchangiaji, mtumishi wa umma, Mtumba

Mwalimu, naomba utufikishe kwenye viunganishi. Kazi yangu ni kuandika taarifa, na mara nyingi zinarudishwa kwa maelezo kwamba sentensi hazishikani. Kila neno nalitafuta kwenye kamusi na maana yake ni sahihi.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, kamusi hukupa maana ya kiunganishi bila kukupa tabia yake. Niyataje yale yanayoharibu taarifa nyingi.

Kiswahili hukubali kusema "Ingawa fedha zilichelewa, lakini kazi ilikamilika." Watu wengi hukisikia kiunganishi cha pili kama kinachokamilisha cha kwanza. Kiingereza hutaka kimoja tu: "Although the funds were late, the work was completed", au "The funds were late, but the work was completed." Ndivyo ilivyo pia kwa "because" na "so", ukianza na kwa sababu, usirudi tena na hivyo.

Licha ya huandamana na jina, na neno "ya" lililomo ndani yake ndilo linalowafanya watu waandike "despite of". "Despite" haitaki "of". "In spite of" ndiyo inayoitaka. Na baada ya vyote viwili hufuata jina au kitenzi chenye -ing: "Despite the delay", "In spite of arriving late". Ukitaka sentensi kamili yenye mtenda na kitenzi, rudi kwenye "although".

Kisha iko kabla. Kiswahili fasaha husema "kabla Waziri hajafika", kwa kukanusha, kwa sababu wakati ule alikuwa hajafika bado. Nimeona taarifa ya kikao iliyoandikwa "before the Minister has not arrived", na mwandishi wake alikuwa ametafsiri kwa uaminifu mkubwa. Kiingereza baada ya "before" hakikanushi: "Before the Minister arrived, the documents had been distributed." Isome sentensi hiyo taratibu, kwa sababu ndani yake mambo yote matatu ya uzi huu yanafanya kazi pamoja: kiunganishi kimepanga matukio, "had" imeonyesha lililotangulia, na kauli ya kutendwa imetuwezesha kutaja nyaraka bila kulazimika kumtaja aliyezigawa. Katika taarifa za kiofisi kauli hiyo ni ya haki pale ambapo mtenda hajulikani au hana umuhimu. Pale ambapo wajibu unatakiwa kujulikana, mtaje mtenda. "It was decided" bila kusema nani aliamua humwacha msomaji na swali ambalo taarifa ilipaswa kulijibu.

Tangu nayo ina jambo lake. Tunasema "Ninafanya kazi hapa tangu 2019", kitenzi kikiwa cha wakati uliopo. Kiingereza husema "I have worked here since 2019", kwa sababu jambo limeanza nyuma na linagusa sasa. "Since" hutaja mwanzo. Muda wenyewe hutajwa kwa "for", kama "for five years".

La mwisho ni "however", ambalo nadhani ndilo linalokurudishia taarifa zako. Maana yake ni hata hivyo, lakini halina nguvu ya kuunganisha sentensi mbili kwa mkato peke yake. Usiandike "The meeting was postponed, however the report was submitted." Weka nukta, anza upya: "The meeting was postponed. However, the report was submitted." Tabia hiyo hiyo wanayo "therefore", "moreover" na "as a result".

Mchangiaji kutoka Kongwa

Mwalimu, nimeandika aya kuhusu historia ya kwetu kwa kufuata mafunzo ya hapa. Naomba uirekebishe mbele ya wote.

"In 1947 the British started a groundnut project in Kongwa. The land was clear with big machines, the soil become hard in the dry season and the crop is fail. Before the project has not been closed in 1951, the government has already spent millions of pounds. Although they used much money, but they did not got a good harvest."

Mwanzisha uzi

Asante kwa ujasiri, na kwa kuchagua habari yenye maana kwetu. Sentensi ya kwanza haina kosa. Katika ya pili, "with" ni sahihi kwa sababu mashine ni chombo, lakini "clear" inahitaji umbo la tatu, na baada ya hapo -ka- ya Kiswahili imeingia: udongo ukawa mgumu, mazao yakaharibika. Vitenzi vyote viwili virudi katika wakati uliopita, na "fail" haihitaji kisaidizi. Sentensi ya tatu ina kabla yetu yenye kukanusha, na "has already spent" inatakiwa kuwa "had already spent", maana tumesimama mwaka 1951 tukitazama nyuma zaidi. Ya nne chagua kiunganishi kimoja, na "did not" imrudishe "get" katika umbo lake.

"In 1947 the British started a groundnut project in Kongwa. The land was cleared with big machines, but the soil became hard in the dry season and the crop failed. Before the project was closed in 1951, the government had already spent millions of pounds. Although they used a lot of money, they did not get a good harvest."

Nimeongeza "but" katika sentensi ya pili kwa sababu kusafisha ardhi na udongo kuwa mgumu ni mambo yanayopingana, na nimebadili "much money" kuwa "a lot of money", kwa kuwa "much" huzoeleka zaidi katika maswali na ukanushi. Andika aya ya pili kuhusu reli au kuhusu michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, kisha uilete hapa.